Mishale Inayotoka kwenye Chanya

Haya, mchokonozi mwenzangu! Ndiyo, wewe. Wewe uliyefungua redio ya nyumbani "kuangalia tu", ukaifunga vizuri kabisa, halafu ukabaki na skrubu mkononi usiyojua ilitoka wapi. Sogea hapa. Kuna jambo linanisumbua, na wewe ndiye utakayenielewa.

Hizi ni barua zangu na za Mjomba, kaka yake mama. Mjomba ni fundi redio. Simu za watu pia anatengeneza, ila yeye mwenyewe hana, eti daktari halali na ugonjwa chumba kimoja. Kwa hiyo ukimtaka, unaandika. Yeye na mkewe, Anti, ndio walionilea mama alipofariki. Hata hili jina la Cheche ni yeye aliyenibandika, siku niliyogusanisha waya mbili za betri ya gari ili nione kitatokea nini. Kilitokea.

Karakana yake ina ukuta wa mbao, na kwenye ukuta huo imechorwa redio nzima, kubwa kuliko mtu: betri, swichi, fyuzi, mpaka spika. Kati ya kitu na kitu kuna mishale myekundu. Inatoka upande wa chanya wa betri, inazunguka kote, inarudi upande wa hasi. Mwanafunzi mpya anafundishwa hapo. Unatembea na ukuta, kidole juu ya mishale, na kila ukifika kwenye kitu unapiga hodi kwa sauti. "Hodi swichi!" Mjomba anaitikia, "Karibu!" "Hodi fyuzi!" Akinyamaza, basi fyuzi imekufa, ugonjwa uko hapo. Mimi nilijua kumpigia fyuzi hodi kabla sijajua kusoma.

Kitu kimoja nakwambia mapema, maana mimi sikuambiwa: mishale ile aliichora mama yangu. Kwa mkono wake. Sikujua hata chembe. Sasa soma nilivyoandika.

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na Anti shikamoo, goti lake vipi, bado linatabiri mvua? Mimi mzima kabisa. Nimepata kazi kwenye karakana ya kuchovya vyuma nikeli: mabomba, vitasa, pete za baiskeli, vyote vinaingia vimechakaa vinatoka vinang'aa mpaka unajiona meno. Kwa sasa nasugua tu vipande kabla havijachovywa. Mikono imekuwa kama ya mamba lakini naipenda kazi. Nimepanga chumba juu ya fundi cherehani. Akikanyaga mashine yake, kitanda changu kinatetemeka, nasoma kama niko kwenye treni.

Sasa Mjomba, kaa chini. Umekaa? Kaa kweli.

Nimeokota kitabu cha umeme kwenye rundo la vitabu vikuukuu barabarani, hakina jalada, kurasa za mwisho zimechanika. Nimekisoma huku natembea mpaka nikagonga mkokoteni wa maji. Mjomba, TULIKUWA TUNAKWENDA KINYUME! Kinachotembea ndani ya waya ni elektroni, vichembe visivyoonekana kwa macho, na elektroni ni hasi, zinatoka kwenye hasi zinakwenda kwenye chanya! Watu wa zamani walikuwa hawajaziona, wakakisia tu kwamba umeme unatoka chanya. Wakakisia vibaya! Walipokuja kugundua, michoro yote ilishachorwa, wakaona uvivu kuigeuza. Dunia nzima, Mjomba, na sisi tumo! Miaka yote ile ninapiga hodi, kumbe nilikuwa napishana na wenye nyumba mlangoni, mimi naingia wao wanatoka!

Nimecheka peke yangu mpaka fundi cherehani akagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio.

Ile mishale ifute, Mjomba. Rangi nyeupe juu, halafu chora upya inayotoka hasi. Ningekuwa karibu ningekuja mwenyewe.

Mpwa wako,
Cheche

27 Februari

Mpwa wangu Cheche,

Marahaba. Anti naye anasema marahaba. Goti limetabiri mvua mara mbili na mvua haikuja siku hizo, lakini yeye anasema goti halina kosa, mvua ndiyo iliyochelewa. Paa la karakana linavuja juu ya benchi kama kawaida, nimehamisha benchi, na tundu nalo limehama. Jirani mwenye mbuzi anakusalimu. Yule mbuzi aliyekula shati lako la shule ameshakuwa bibi.

Tunafurahi umepata kazi. Vaa glavu.

Habari ya elektroni nimeisoma yote. Anti aliniuliza nacheka nini, nikamwambia umegonga mkokoteni. Redio nilizotengeneza kwa mishale hii zinaimba, na nyingine zilikuwa zikiimba kabla wewe hujazaliwa. Labda hazijapata habari kwamba zimekosea.

Ukuta uko pale pale.

Kula vizuri, na usisome unapotembea.

Mjomba

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena, na Anti pia. Mwambie namsikia mpaka huku anavyogombana na goti lake. Mvua huku imenyesha, kwa hiyo lilikuwa linasema kweli, ila lilikosea mji.

Jana nimepita dirisha la duka la redio, harufu ya risasi ya kulehemu waya ikanijia puani, nikasimama kama nimegandishwa. Nikakumbuka kile kigoda chako chenye mguu mfupi, nilivyokuwa nakikalia nikiyumba mbele nyuma, nawe unaninyooshea spika nikague kwa sikio. "Daktari Cheche, mgonjwa anasemaje?" Nami nasema anaomba chai. Sijui kwa nini nakuandikia haya.

Lakini Mjomba, umenikwepa! Nimekuandikia karatasi mbele na nyuma, wewe unaniambia habari za mbuzi. Unajua ninaheshimu kazi yako kuliko kitu chochote. Ndiyo maana nasema. Vijana wanakuja kwako wakiwa hawajui kitu, wanaondoka wameshika kitu kilichopinduliwa. Huo ni uongo Mjomba, hata kama ni wa bahati mbaya. Ukishajua halafu ukaendelea, si bahati mbaya tena.

Mimi huku nimeshaanza. Juu ya beseni letu la nikeli kuna mshale mweusi uliochorwa kwenye boriti. Nilimwambia bosi umegeuka, akaguna tu, alikuwa na mteja. Nikauchora upya uende zinakokwenda elektroni. Dakika chache tu! Wewe unashindwa nini?

Cheche wako

(Hapo, rafiki yangu, akanyamaza. Machi ikaisha, Aprili ikaja ikaondoka. Kila nikitoka kazini namuuliza fundi cherehani, "Kuna barua?" naye ananijibu bila kuinua kichwa, "Ningeipata ningeishona mfuko." Mei yote kimya.)

2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na kazi.

Hatujambo. Mwenye jengo amekuja, anakitaka chumba chake, anasema mwanawe anafungua duka la viatu. Nimekaa hapa muda mrefu hata mimi nilishasahau kwamba chumba kina mwenyewe. Mwisho wa Julai nitakuwa nimetoka. Redio nitatengenezea barazani nyumbani, na Anti ameshasema waya hata mmoja usivuke mlango wa jikoni.

Kuhusu mishale. Nilisoma barua yako mara nyingi, hasa pale penye neno uongo. Nikanunua rangi nyeupe. Nikaanza na mshale wa kwanza, ule mkubwa unaotoka kwenye chanya. Nikaupaka mpaka ukapotea. Kisha nikachovya brashi nipake wa pili, mkono ukagoma. Nikasubiri. Ukagoma kabisa. Nikaosha brashi.

Wanafunzi walipokuja asubuhi, wa kwanza akasimama mbele ya betri, kidole hewani. Akaniuliza, "Fundi, naanzia wapi?" 

Anti aliingia na chai, akaona pale peupe, akaweka sinia chini akatoka. Leo ni siku ya pili ananijibu kwa kutumia mbuzi wa jirani. "Mbuzi, mwambie huyo chakula kiko tayari." Usiniulize kwa nini.

Hiyo mingine nitaimalizia kabla ya kubomoa mbao, kama bado unataka. Wewe ndiye msomi wetu. Niandikie neno moja tu, nipake au niache.

Mjomba

20 Juni

Mjomba! ACHA! Usipake! Weka hiyo brashi chini, barua hii ikikukuta umeishika itupe dirishani!

Shikamoo. Samahani, nimeanza vibaya. Shikamoo Mjomba, shikamoo Anti, na mbuzi salamu zake. Habari ya chumba imeniuma, sikujua kama karakana inaweza kuisha. Nilidhani itakuwepo tu, kama mlima.

Sasa sikia kilichotokea, na ucheke ukiweza, mimi bado sijaweza.

Hapa kazini beseni lina maji ya kijani. Upande mmoja unatundika kipande cha nikeli, upande mwingine unatundika kitu cha mteja, unawasha umeme, nikeli inasafiri ndani ya maji inakwenda kukaa juu ya kitu cha mteja. Na kila mtu hapa anajua: kitu cha mteja hutundikwa pale mshale unapoelekea. Haulizwi mtu, unaangalia boriti unatundika. Sasa mshale si niliugeuza mimi? Nilichora elektroni zangu nikaondoka zangu kifua mbele, hata wenzangu sikuwaambia vizuri. Tangu Machi aliyetundika kwenye beseni lile alikuwa bosi mwenyewe, na yeye haangalii boriti, mikono inajua. Halafu akaja Mpiga Mluzi. Ni mwenzangu wa zamu, tunamwita hivyo kwa sababu kinywa chake hakipumziki. Akachukua tarumbeta la bendi, shaba tupu, la mzee mmoja aliyelileta limefungwa kwenye shuka ya mtoto. Akaangalia mshale, akalitundika unakoelekea, nikeli upande wa pili, akawasha, akaendelea na mluzi wake.

Mjomba, badala ya kuvikwa nikeli, tarumbeta likaliwa, maana kinachotundikwa upande wa chanya ndicho huyeyuka. Lilitoka limechimbika kama limetafunwa na mchwa. Mdomo wake umekuwa mwembamba kama karatasi.

Bosi akasimama katikati. "Nani kagusa mshale?"

Mluzi ukakatika. Nikasema mimi.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umekosewa, bosi. Elektroni zinatoka hasi."

"Elektroni ndani ya maji haya umeziona wewe?"

Nikaanza kueleza kitabu. Akaniacha nikamaliza, huyo mtu ana subira ya kutisha. Kisha akasema, "Ndani ya waya, sawa, sikatai. Lakini humu ndani ya beseni kinachovuka ni nikeli yenyewe, na nikeli majini ni chanya, inatoka chanya inakwenda hasi. Mshale wangu ulikuwa unasema kweli ya majini, wewe umeupa kweli ya waya. Na hata kama mshale ungekuwa umekosea kotekote, Cheche, tulikuwa tumekosea pamoja, na matarumbeta yalikuwa yanatoka salama."

Nilitamani nizame kwenye beseni, lakini kwa jinsi nilivyochora mshale ningetoka nimeisha.

Mzee wa tarumbeta alikuja. Sikujificha, nilimwambia mwenyewe. Hakunigombeza. Alilishika tu, akalipuliza pale pale, likatoa sauti kama ya mtu mwenye mafua, akalifunga tena kwenye shuka. Nimeanza kumtengenezea mdomo mpya pamoja na bosi. Sijui utaimba vipi.

Kwa hiyo Mjomba, kumbe umeme hauna njia moja. Penye waya wanakwenda wa hasi, penye maji wanakwenda huku na huku kila mmoja na njia yake, na sisi tunachora mshale mmoja ili tuelewane. Ningelijua hili mwezi wa tatu nisingekuandikia lile neno. Lile neno nalirudisha. Si uongo.

Lakini kuna kitu unanificha. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mkono wako haujawahi kugoma, wewe hata ukiwa na homa ulikuwa unashika waya za umeme. Na Anti hawezi kununa siku mbili kwa ajili ya rangi. Mjomba, mishale ile aliichora nani?

Cheche

9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Anti ananisemesha tena. Alianza siku barua yako ilipofika, nilipomsomea mstari wa mwisho.

Umeuliza.

Ulipokuwa mdogo, mama yako akitajwa tu ulikuwa unaweka kijiko chini, na hakuna aliyeweza kukufanya ukishike tena. Anti akasema, tusimtaje mpaka atakapouliza mwenyewe. Nikakubali. Hukuuliza. Ukakua, ukawa na maneno mengi kuliko redio, ukauliza kila kitu chini ya jua isipokuwa hicho. Sisi tukazoea kunyamaza, na mtu akizoea kunyamaza hajui aanzie wapi kusema. Basi naanzia kwenye mishale.

Nilikuwa fundi mpya, na nilikuwa napotea. Nafungua redio, nafuata waya, nikifika katikati nasahau nilitoka wapi. Mama yako alikuwa anafanya kazi kwa mchora vibao, yule aliyekuwa karibu na kinyozi. Alikuja jioni moja na kopo la rangi nyekundu iliyobaki kwenye kibao cha duka la nyama. Akaniambia, "Kaka, unatia aibu, unahangaika kama kuku aliyefungiwa nje. Umeme unatoka wapi?"

Nikasema, "Kwenye chanya."

"Una uhakika?"

"Ndivyo fundi wangu alivyonifundisha."

"Sijamuuliza fundi wako."

Nikamwambia basi, sina uhakika. Akacheka. Akasema, "Haya, tuseme unatoka chanya. Ila kesho usinibadilishie." Akaanza kuchora. Na hodi ni yake pia. Alisema hawezi kuingia kwenye swichi ya mtu bila kubisha.

Mshale wa kwanza umepinda kidogo. Nilikuwa nimekalia kifuniko cha rangi bila kujua, akaona suruali imekuwa nyekundu nilipogeuka, akacheka mkono ukateleza. Akataka kuufuta aurudie. Nikamwambia uache.

Habari ya elektroni niliipata mwaka mmoja kabla hujazaliwa, kwenye mafunzo ya jioni. Nilikimbia mpaka kwake kama ulivyonikimbilia wewe kwa barua. Nikamwambia, dada, mishale yako yote imegeuka! Alikuwa anaanika nguo. Hakuacha kuanika hata kidogo. Akasema, "Waache hao wapite wanakotaka. Sikuwachorea wao. Nilikuchorea wewe usipotee."

Nikaiacha. Ndiyo sababu.

Nimebomoa mbao juzi, na nimeziandikia namba nyuma ili uweze kuzipanga tena. Dereva wa lori la mbao ni mteja wangu, atakuletea. Mishale yote iko salama isipokuwa ule wa kwanza. Sikulaumu. Brashi nilishika mimi, na ningeweza kukwambia mapema.

Sasa mbao ni zako. Pale peupe fanya utakavyoona, mimi simo.

Anti anakusalimu sana. Anasema una mwandiko wa mama yako.

Mjomba wako

Ndiyo hivyo, mchokonozi. Lori lilikuja, mimi na Mpiga Mluzi tukapandisha mbao mpaka chumbani, fundi cherehani akilalamika kila ngazi. Nilizipanga ukutani, nikakaa sakafuni nikaziangalia mpaka macho yakauma. Nimeona brashi ilivyokuwa inamalizika rangi katika kila mshale, mwisho unakuwa hafifu kidogo, halafu mshale unaofuata unaanza mzito. Alikuwa anachovya upya kila safari. Mama yangu. Nimepiga hodi kote, kimya kimya, nikaitikia mwenyewe.

Bosi alikuja kuona. Akasema tuzifunge kwenye ukuta wa karakana, maana Jumatatu wanaanza wanafunzi watatu wapya na hajui awaelezeje umeme. Nimekubali, mbao hizi hazikuzaliwa kukaa chumbani. Lakini najua watakachouliza. Watasimama mbele ya betri, kidole hewani: tunaanzia wapi?

Nimejaribu kukwangua pembeni kidogo kwa ukucha. Nyeupe inatoka, lakini inatoka na nyekundu ya chini yake. Nikiendelea, huenda nikaupata mshale wake, huenda nikamtoa na yeye. Nikichora mpya juu yake, wanafunzi watakuwa na pa kuanzia, lakini utakuwa mkono wangu, na wake utabaki chini huko milele. Na nikichora, niupinde kama alivyoupinda, au ninyooshe? Nikiacha peupe, yeye yuko salama, na wanafunzi wanapotea mlangoni.

Kopo la rangi nyekundu liko hapa miguuni, limefunguliwa. Kesho ni Jumatatu. Hebu niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje?